In-N-Out, baga za ndani ya Disneyland au Brookhurst: familia ile wapi ikiwa Anaheim?

Jamaa wakipanga safari ya Disneyland, bustani ya michezo iliyo Anaheim, California, swali la baga hutangulia hata lile la hoteli. Watoto wameshaiona In-N-Out, ile migahawa ya baga ya California, kwenye simu, wanalijua mpaka jina la Double-Double, na wazazi wanataka kujua kama inafaa kutoka bustanini kuifuata au ni bora wale humo humo ndani. Jibu langu ni kwamba mwende In-N-Out, ila msiende mchana wa siku mliyolipia tiketi. Siku ya kutua, siku ya mapumziko, au usiku baada ya fataki, hapo baga ile inastahili safari. Kwa familia ya Kiislamu nina jibu tofauti, nalo liko kwenye barabara ya Brookhurst, ile ile lilipo tawi mojawapo la In-N-Out pale Anaheim.

Nitaweka pamoja sehemu nne: In-N-Out yenyewe, baga za ndani ya bustani na za Downtown Disney iliyo mlangoni, mshindani wao The Habit, na mtaa wa Little Arabia. Hazilingani kwa uzito, wala sitazigawia nafasi sawa.

Kwa nini watu wanaifuata In-N-Out

Harry na Esther Snyder walifungua kibanda chao cha kwanza Baldwin Park, mashariki ya jiji la Los Angeles, Oktoba 1948. Mteja aliagiza kupitia kipaza sauti bila kushuka kwenye gari, jambo lililokuwa geni siku hizo. Kampuni bado ni ya familia, na mjukuu wao Lynsi Snyder ndiye anayeiongoza. Hawamuuzii mtu jina ili afungue tawi lake; kila tawi ni lao wenyewe. Nyama haigandishwi, na jikoni hakuna friza wala maikrowevu, kwa hiyo tawi haliwezi kuwa mbali na maghala yanayolilisha. Ndiyo maana ndugu zetu walioko Ohio au Maine hawaioni mitaani kwao, na anayetua California huiona kila baada ya mitaa kadhaa. Ukiikosa kwenye safari hii, usitegemee kuipata Florida.

Menyu yake ni fupi kuliko ya mama ntilie yeyote. Kuna baga ya kawaida, baga ya chizi, Double-Double yenye vipande viwili vya nyama na viwili vya chizi, chipsi, soda, na milksheki ya chokoleti, vanila au stroberi. Hakuna kuku, hakuna samaki, hakuna soseji. Nyama ni ya ng'ombe peke yake, na nyama ya nguruwe haimo kabisa kwenye menyu.

Ukisimama karibu na kaunta utaiona kazi yenyewe, maana jiko liko wazi. Kijana mwenye kofia nyeupe ya karatasi, aproni nyekundu imefungwa kwa pini kubwa kiunoni, anaweka kiazi kizima kwenye mashine ya mkono, anavuta mpini chini kwa nguvu, na kiazi kinatoka upande wa pili kikiwa vijiti vinavyodondoka chomboni. Anachukua kingine. Viazi hivyo havikupikwa nusu kiwandani wala havikukaa kwenye barafu. Watoto wangu husahau hata kuwa wana njaa wakimtazama.

Lakini niseme ukweli kuhusu hizo chipsi, kwa sababu sisi watu wa chipsi tunajua chipsi. Kwa kuwa hukaangwa mara moja tu, hutoka laini na hupoa haraka, na anayetarajia zile za kukauka nje zikabaki laini ndani atasikitika. Dawa ni kuagiza zikaangwe zaidi: waambie "well done", wataelewa mara moja. Utasubiri kidogo, ila utapata chipsi za kuvunjika mdomoni. Kula hapo hapo, usizibebe hotelini.

Baga yenyewe ndiyo inayobeba jina. Mkate umepigwa moto kidogo upande wa ndani, letusi ni ya kukwaruza meno, nyanya ni nene, na sosi yao ya rangi ya machungwa ina vipande vya tango la siki. Watakuuliza unataka kitunguu au la. Omba cha kukaangwa. Ukisema Animal Style, nyama hupikwa ikiwa imepakwa haradali, kitunguu cha kukaangwa huongezwa pamoja na tango la siki na sosi ya ziada. Hii ndiyo ninayompa kila mgeni wangu. Asiyekula ngano aseme Protein Style, baga itakuja imefungwa kwenye jani la letusi badala ya mkate. Mpenda pilipili aombe zile za manjano za siki, hazilipiwi.

Kuna jambo dogo ambalo Wakristo wengi hulifurahia: geuza kikombe cha soda utazame chini. Utakuta imeandikwa John 3:16. Vifungashio vingine navyo vina mistari yake. Mwana wa waanzilishi, Rich Snyder, ndiye aliyeanzisha desturi hiyo, na familia imeitunza.

Hesabu ya mchana wa Disneyland

Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza fedha wakidhani wanaziokoa.

Double-Double pamoja na chipsi na soda hugharimu kama dola 11 hivi California, na mjue kwamba bei inayoonekana kwenye ubao haina kodi. Anaheim kodi ya mauzo ni asilimia 7.75, inaongezwa wakati wa kulipa. Mgeni aliyezoea bei ya Dar au Nairobi, ambako kodi imeshaingizwa ndani, hushtuka kila mara. Hakuna bakshishi ya kutoa kaunta ya In-N-Out.

Ndani ya Disneyland, baga na chipsi zake kwa kawaida hupita dola 12, na soda hulipiwa peke yake. Chukulia familia ya watu watano. Kwa makadirio yangu, mtaokoa dola 30 au 40 kwa kutoka kwenda In-N-Out. Sasa toeni nauli ya teksi ya kwenda na kurudi kama hamna gari. Kinachobaki hakifiki bei ya mwanasesere mmoja.

Halafu kuna muda. Tiketi ya siku moja hupita dola 200 kwa mtu katika siku zenye watu wengi. Kutoka kwenye mabembea ya Fantasyland mpaka getini ni mwendo. Getini mpaka gari ni mwendo mwingine, na aliyeegesha kwenye jengo kubwa la maegesho kwa kawaida hupanda tramu. Tawi la Brookhurst ni kama robo saa kwa gari barabara ikiwa wazi. Mkifika, kuna foleni, kwa sababu mchana In-N-Out haikosi foleni. Mkirudi, mnakaguliwa mabegi upya. Saa mbili zimekwenda, na kwa familia ya watoto wadogo ni saa mbili na nusu. Hakuna programu ya simu ya kuagizia mapema, wala In-N-Out haipeleki chakula kwa wateja. Lazima uende mwenyewe, upange foleni kama wengine.

Kwa hiyo mchana wa Disneyland kula ndani. Sisemi hivyo kwa sababu baga za ndani ni tamu kuliko za nje, maana si tamu kuliko za nje. Nasema hivyo kwa sababu mmelipia saa, na saa haziokolewi kwa chipsi.

Ukiamua kula ndani

Disneyland ilifunguliwa Julai 1955, na bustani ya pili, California Adventure, ilifuata Februari 2001. Milango yao inatazamana. Upande wa Disneyland, baga za haraka zinapatikana Galactic Grill, eneo la Tomorrowland. Upande wa California Adventure kuna Smokejumpers Grill, eneo la Grizzly Peak, lililopambwa kama kambi ya wazima moto wa msituni, na hapo ndipo ninapopapenda zaidi: kuna kivuli, kuna miti, na mtoto aliyechoka anaweza kulalia benchi bila kusukumwa.

Programu ya simu ya Disneyland hukuwezesha kuagiza mapema na kuchagua saa ya kuchukua chakula. Agizeni mkiwa bado kwenye foleni ya mchezo, tena kabla ya saa 5 asubuhi, kwa sababu nafasi za saa 6 na saa 7 mchana ndizo zinazokwisha kwanza. Na msinunue maji. Sehemu yoyote ya chakula cha haraka inayouza soda ya bomba itakupa kikombe cha maji baridi bure ukiomba. Kwa familia ya watano siku nzima ya jua la Julai, hiyo ni akiba ya kweli.

Bado kuna jambo ambalo wageni wengi hawaamini mpaka walione: Disneyland inakuruhusu kuingia na chakula chako. Masharti ni kwamba kisiwe na haja ya kupashwa moto au kuwekwa kwenye jokofu, kisiwe na harufu kali, na vyombo visiwe vya kioo, pombe hairuhusiwi. Mama mkwe wangu huingia na chapati, mayai ya kuchemsha na ndizi, na hakuna anayemzuia. Ukiwa na mtoto anayechagua chakula, au mzee asiyeelewana na vyakula vya mafuta, chapati zilizokunjwa kwenye karatasi ya foili zitawafaa kuliko baga yoyote niliyoitaja hapa.

Downtown Disney, ile njia ya maduka nje ya mageti ambayo haihitaji tiketi, ina Black Tap, mgahawa wenye asili ya New York. Baga zake ni nzito, na milksheki zake hupambwa kwa peremende na biskuti mpaka zinamwagika pembeni. Ni mahali pa kukaa mezani na kuhudumiwa, kwa hiyo kuna bakshishi ya asilimia 15 mpaka 20 juu ya bei ambayo tayari iko juu. Kwa siku ya kuzaliwa ya mtoto, sawa. Kwa kushiba tu, hapana.

The Habit, kwa familia isiyokubaliana

The Habit nayo ni migahawa ya baga ya Kusini mwa California. Ilianza eneo la Santa Barbara mwaka 1969, na tangu 2020 iko chini ya Yum!, kampuni yenye KFC na Pizza Hut. Matawi yake yamejaa Orange County, wilaya ilimo Anaheim. Nyama yao huchomwa juu ya moto, kwa hiyo ina ule moshi ambao sisi walaji wa nyama choma tunautafuta, na kwa hilo peke yake nawajua watu wazima kadhaa wanaoipenda kuliko In-N-Out.

Ila ubora wake hasa ni upana wa menyu. Kuna kuku, kuna samaki jodari, kuna baga ya mboga, kuna saladi, kuna maharage mabichi ya kukaangwa kwa unga ambayo hata watoto wanayala. Ikiwa mmoja wenu hali nyama ya ng'ombe, In-N-Out itamwachia chipsi, au mkate wenye chizi na mboga. Hapo msibishane, nendeni The Habit. Angalieni tu kwamba kule bekoni ipo, na nyama zote hupita jikoni pamoja.

Brookhurst: jibu la anayetafuta halali

Hili ndilo swali ninalolipokea zaidi kutoka kwa jamaa wa Mombasa, Unguja na Muscat. Nyama ya In-N-Out haina cheti cha halali. Kutokuwepo kwa nguruwe kwenye menyu hakutoshi kwa familia nyingi, na sitaki kumfundisha mtu dini yake. Ukiagiza ule mkate wa chizi usio na nyama, kumbuka kwamba jiko ni moja.

Anaheim hiyo hiyo ina Little Arabia, mtaa wa Waarabu uliokua pande zote za barabara ya Brookhurst kwa miongo kadhaa, na halmashauri ya jiji ikautambua rasmi Agosti 2022. Wapalestina, Walebanoni, Wasyria na Wamisri wamefungua mabucha, viwanda vidogo vya mikate, maduka ya viungo na migahawa. Forn Al Hara inajulikana kwa manakish, mikate bapa inayotoka kwenye tanuri na zaatari (majani makavu ya viungo na ufuta) au jibini juu yake. Kareem's ina falafeli zinazosifiwa mji mzima. Aleppo's Kitchen hupika vyakula vya Halab, yaani mji wa Aleppo wa Syria. Muulize mwenyeji yeyote mahali pa baga ya halali naye atakuelekeza, lakini kusema kweli, ukishafika pale utaiacha baga na kuchukua shawarma.

Ni robo saa tu kutoka Disneyland. Utasalimiwa kwa salamu yako, utakula bila kuuliza maswali mara mbili mbili, na bei ni nafuu kuliko ya ndani ya bustani. Mgeni kutoka Pwani atakuta iliki, sambusa na chai ya mnanaa, atajihisi yuko nyumbani kwa saa nzima. Na kama nusu ya familia inataka In-N-Out na nusu haitaki, tawi la In-N-Out liko Brookhurst hapo hapo. Gari moja, vituo viwili, kila mtu ameshiba. Sijui mji mwingine wa bustani kama hizi unaowezesha hilo kirahisi namna hii.

Siku gani, saa ngapi

Anayetoka Afrika Mashariki mara nyingi hufika Los Angeles kupitia Doha, Dubai au Istanbul. Kutoka Doha au Dubai ni zaidi ya saa 15 hewani kwa mkupuo mmoja. Mkitoka uwanjani LAX mkiwa na gari la kukodi au ndugu aliyewapokea, tawi la barabara ya Sepulveda liko jirani kabisa na njia ya kutua ndege. Mtakula nje huku ndege kubwa zikipita juu ya vichwa vyenu, chini kiasi kwamba unasoma jina la shirika bila taabu. Kwa mtoto mpenda ndege, ile ni burudani ya kwanza ya safari, na haina kiingilio. Mimi ningepeleka wageni pale kabla ya tawi lolote la Anaheim. Mmoja abaki karibu na gari lenye mizigo, asiiache peke yake.

Siku ya pili mwili bado uko Nairobi. Kuna tofauti ya saa 10 wakati wa kiangazi na 11 wakati wa baridi, kwa hiyo watoto wataamka saa 9 usiku wakidai chakula. In-N-Out haitawasaidia: hufunguliwa saa 4:30 asubuhi na haipiki kifungua kinywa. Nunueni mkate na matunda jioni iliyotangulia.

Usiku ndio wakati wake mzuri mkishaingia bustanini. In-N-Out hufungwa saa 7 usiku, na Ijumaa na Jumamosi saa 7:30. Fataki za Disneyland zikiisha, bado kuna muda wa kutosha. Msile chakula kizito jioni ndani. Wapeni watoto kitu chepesi, mtoke, mpite In-N-Out mkiwa njiani kwenda hotelini. Foleni ya magari itakuwepo hata saa hizo, ila inasogea, kwa sababu vijana hutoka nje na vishikwambi vyao na kuchukua maagizo gari kwa gari. Amueni mtakachokula kabla hawajafika dirishani kwenu, na mseme mapema kama mtakula ndani ya gari, ili wawape chakula kwenye sanduku la wazi badala ya mfuko.

Anayekwenda Universal Studios Hollywood siku nyingine ya safari atakuta tawi kwenye barabara ya Cahuenga, karibu na pale. Anayekwenda Knott's Berry Farm, Buena Park, asahau baga siku hiyo. Bustani ile ilianzia kwenye kuku wa kukaanga wa Cordelia Knott mwaka 1934, na mgahawa wake wa kuku uko nje ya geti mpaka leo.

Wanaofikiria Texas badala ya California wana Whataburger, iliyoanzia Corpus Christi mwaka 1950, yenye mkate mpana na kuku pia, na bustani ya michezo ya Six Flags Over Texas iko Arlington. Kule sina la kulinganisha na In-N-Out zaidi ya kusema kwamba Whataburger hushibisha zaidi, nami napenda zaidi ladha ya In-N-Out.

Kwa wanaokuja mwishoni mwa mwaka, kama wengi wetu tunavyofanya shule zikifungwa: In-N-Out hufungwa siku ya Krismasi, Pasaka na Thanksgiving (sikukuu ya shukrani ya Wamarekani, mwezi Novemba), wakati Disneyland huwa wazi. Mkifika tarehe 24 Desemba, kuleni baga yenu siku hiyo hiyo ya kutua, kwa sababu kesho yake hamtaipata.